Dirisha Lililoharibu Sura ya Nyumba

Ilianza na harufu ya maziwa yaliyochacha, ndani ya nyumba ambayo haikuwahi kupikiwa hata yai. Nábla, mtunzaji wa nyumba hiyo, aliinusa, akaketi sakafuni akalia, maana binti yake Muireann alikufa akitapika maziwa.

Bwana Mkubwa aliijenga nyumba ile bustanini kwake, nje ya Dublin, ya kunywea chai na kutazama bahari basi. Nguzo huku, nguzo kule, kila upande sawa na mwenzake. Mtoto alikuwa amefia humo, chumba cha nyuma. Mama akafungua dirisha ili roho itoke, kama wafanyavyo wote wa kwao. Mara Bibi Mkubwa akafoka toka bustanini, "We Nábla, funga hilo! Wageni wanakuja, dirisha moja wazi linaharibu sura ya nyumba!" Naye kwa woga akafunga, mwili haujapoa. Utiifu mwingine ni msiba juu ya msiba.

Sasa kila jioni kioo kiligongwa kwa ndani, na vidole vidogo.

Nábla akamleta Gobnait, mganga wa kijijini.

"Umemfungia mtoto, mwanangu," Gobnait alinong'ona. "Fungua, kisha nyamaza. Roho ikiitwa inapotoka hurudi, na ikirudi haitoki tena."

"Haki ya Mungu nitanyamaza, bibi."

"Wote husema hivyo."

Nábla akafungua. Baridi ikainuka sakafuni, ikampita magotini na harufu ile ya maziwa nyuma yake, mishumaa ikazimika mmoja baada ya mwingine, na kwenye vumbi la ukingo wa dirisha zikajichora nyayo mbili za mtoto zikielekea nje, naye Nábla akajiuma mkono hadi damu ikamjaa mdomoni, akijua kwamba akivumilia kidogo tu mwanawe atapumzika, na yeye hatampata tena, si kwa harufu, si kwa mlio wa kioo, mpaka naye aingie kaburini.

Unyayo mmoja ukafutika.

"Muireann!"

Gobnait akajifunika uso kwa shali.

"Ole wako, Nábla. Umefanya nini?"

Nábla alikuwa akilia huku akitabasamu, kiganja kimefumba kitu kisichoonekana, na ngozi ya mkono wake ikigeuka buluu, polepole, kuelekea begani.

"Amenishika, bibi," alisema. "Ana baridi, maskini. Lakini amenishika."