Kijiko cha Riboflavini

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia kwenye kiwanda kidogo cha shangazi yake, nyumba ya vyumba vitatu iliyonukia vanila hadi barabarani. Humo ulitengenezwa unga wa kastadi. Kazi yake ilikuwa kubandika lebo kwenye pakiti, na kuongea. Jina la Chiriku hakupewa bure: lebo moja, maneno mia. Wafanyakazi walidai kwamba siku asipokuja, ndipo mashine husikika.

Aliyempenda kuliko wote ni Bi Mizani, mama mtu mzima aliyepima viungo tangu kiwanda kilipofunguliwa. Ijumaa hiyo alikuwa akichota unga wa rangi ya chungwa kutoka kwenye kopo jeusi na kuugawa katika vifuko vya karatasi.

"Bibi, mbona huo unafichwa gizani kama mkosaji?" Chiriku aliuliza.

"Mwanga unauharibu, mjukuu wangu. Hii ni riboflavini, vitamini B2. Ndiyo inayoipa kastadi yetu rangi ya manjano. Tena huusaidia mwili kupata nguvu kutoka kwenye chakula."

Chiriku alisikia neno moja tu: nguvu. Jumatatu kulikuwa na mashindano ya mbio shuleni, na miaka miwili mfululizo alikuwa amemaliza akitazama kisogo cha jirani yake wa dawati. Bi Mizani alipotoka kwenda kunawa mikono, Chiriku alifungua kifuko kimoja, akachota nusu kijiko, akabwia. Uchungu ulioje! Akashushia maji, akakifunga kifuko, akarudi kwenye lebo zake kama mtu asiyejua lolote.

Jioni, alipokwenda chooni, moyo ulimlipuka. Mkojo wake ulikuwa wa manjano ya kung'aa, manjano ambayo hakuwahi kuiona isipokuwa kwenye sufuria ya kastadi. "Nimekwisha," alijiambia. Chakula kilimshinda. Akamwita mdogo wake, akamkabidhi viatu vyake vya mbio.

"Kwani unahama?" mdogo wake aliuliza huku akivijaribu.

"Chukua tu. Na unikumbuke."

Mdogo wake aliahidi kumkumbuka, kisha akaomba na begi.

Asubuhi ya Jumamosi Chiriku alijikokota hadi kiwandani. Bi Mizani alikuwa na desturi yake: kila kifuko alikipima mara mbili, siku ya kukijaza na dakika ya kukimimina kwenye mashine ya kuchanganyia. Kifuko cha tatu kilipungua. Alikiondoa, akakirudisha. Kilipungua vilevile. Shangazi akazima mashine.

"Jana vyote vilikuwa sawa," Bi Mizani alimwambia Shangazi taratibu. "Au niliona vibaya. Mwanangu, hiki ni chakula cha watu. Kama macho yangu yameanza kunidanganya, tafuta mwingine." Akaanza kufungua aproni yake.

Chiriku, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, aliiona mikono ya yule mama ikihangaika na fundo la aproni. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini alimpenda Bi Mizani, na hakuweza kumwacha aondoke hivyo.

"Macho yako hayana kosa, Bibi! Ni mimi! Niliila ili nishinde mbio, na sasa nakufa!"

"Unakufa?" Shangazi alimshika mabega. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Lakini mkojo wangu ni wa manjano kama kastadi!"

Bi Mizani aliangua kicheko hadi akatafuta kiti. "Hufi, mjukuu wangu. Mwili huchukua kiasi unachohitaji, kinachozidi hutoka na mkojo. Hicho ndicho ulichokiona."

Shangazi hakucheka. Alikitupa kile kifuko kilichoingizwa kijiko, kisha akachuchumaa mbele ya Chiriku.

"Safari hii umebahatika. Humu ndani kuna vitu ambavyo vingekulaza hospitali. Na vitamini haikukimbilii mbio. Ingekuwa hivyo, mimi ningekuwa bingwa wa dunia. Kula vizuri, fanya mazoezi. Lakini kilichoniuma si kijiko. Ulinyamaza tangu jana, na mtu mwaminifu akaanza kujiona hafai. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba kosa lako. Leo umesema, na nimefurahi. Hata hivyo, wiki mbili hutakanyaga chumba cha kupimia."

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe, Bibi."

Bi Mizani alimgeuzia mgongo. Chiriku alidhani amekataa msamaha, machozi yakamlengalenga.

"Basi nifungie aproni," Bi Mizani alisema. "Na uongee, jamani! Bila kelele zako nilidhani kweli nimezeeka."

Chiriku alilikaza fundo kwa mikono miwili, kisha akaanza kusimulia habari za viatu ambavyo sasa ilimbidi akavidai nyumbani.