Jumapili Waliyomsubiri Nzomo

Jumapili ambayo Nzomo hakutokea, ukumbi wa mtaa wa Mbotela ulijaa hadi madirishani. Kiti chake kilikuwa jukwaani kama kawaida, kikielekea ukutani, maana Nzomo aliimba akiwapa watu mgongo. Siku za kazi alichonga vinyago. Jumapili alipiga gitaa aliloliunda mwenyewe, na katikati ya wimbo aliweza kunyamaza hadi watu waanze kukohoa. Kwa hiyo kiti kilipobaki kitupu, hakuna aliyeshtuka. Walidhani ndio wimbo wenyewe.

Nzilani, muuza vitambaa wa Eastleigh, alivaa gauni la maua ya rangi ya machungwa. Hakukosa Jumapili hata moja. Kando yake aliketi kijana wa suruali pana na viatu vya soli nene, ananukia sabuni na petroli.

"Samahani, dada," kijana alinong'ona. "Ameshaanza?"

"Nyamaza usikie."

"Nisikie nini? Kiti?"

"Wewe ni mgeni hapa. Nzomo ndivyo alivyo."

"Basi leo ameimba vizuri. Hajakosea hata mahali pamoja."

Nzilani alijaribu kukibana kicheko, kikamponyoka. Mama wa mbele aligeuka akawakodolea macho; wakazidi kucheka. Kijana, Thuo fundi wa magari, akapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Makofi yalikuwa hayajaisha Wamalwa, mtunza ukumbi, alipopanda jukwaani akavua kofia. Alisema Nzomo alikuwa amefariki asubuhi hiyo, baada ya kubanwa na kifua. Wengine waliendelea kupiga makofi. Walifikiri hata hayo ni sehemu ya mchezo.

Wiki iliyofuata simu ililia katika duka alilouzia Nzilani; Thuo alikuwa ameiomba namba yake siku ile.

"Haloo, mrembo wa Mbotela. Umekula?"

"Thuo, usinipigie."

"Kwani nimekosa nini, sukari?"

"Nikisikia sauti yako nataka kucheka. Halafu naona tunacheka na mtu amelala huko kwenye baridi. Hii ni nini? Niambie."

"Ni kwa vile nilipiga makofi?"

"Sijui!" Akakata simu.

Thuo akaelewa kwamba amechukiwa. Hakupiga tena. Nzilani naye akamkasirikia kwa kutopiga. Kila simu ilipolia alikimbia, akakuta ni mteja anauliza bei ya kitenge. Usiku hakujua anamlilia nani: marehemu ambaye hakuwahi hata kumsalimu, au yule aliye hai aliyemfukuza mwenyewe.

Jumamosi moja alfajiri alifungua duka, akamkuta Thuo mlangoni, ovaroli imejaa grisi, mzaha wote umemtoka.

"Nina swali moja, kisha niende. Yule mzee aliimbaje?"

"Ati?"

"Nilimpigia makofi mtu ambaye sijawahi kumsikia. Nimeuliza mtaa mzima, hakuna aliyemrekodi. Niimbie wewe."

"Hapa? Mwenye duka atanifukuza."

"Imba kwa sauti ndogo."

Aliimba, kwa Kikamba, sauti ikitetemeka katikati ya marobota ya vitambaa. Kisha akakwama.

"Hapo ndipo alipokuwa akinyamaza?"

"Hapana. Hapo nimesahau." Ndipo alipolia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Thuo akavuta ncha ya kitambaa ampanguse.

"Acha, hiyo ni ya mteja!" Wakacheka wote wawili, machozi bado yanamtiririka, na safari hii Nzilani hakujizuia.

"Nataka kukuoa, Nzilani."

"Kwa sababu ya wimbo?"

"Sijui kwa sababu gani. Wewe unajua?"

"Hata mimi sijui." Alikikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Lakini kwetu Machakos uje na wazee wako. Usije peke yako kama mtu aliyepotea njia."

Siku hizi ni mume na mke. Thuo anajua nyimbo mbili za Nzomo, kwa Kikamba kibovu. Ya tatu, ile aliyokwama nayo dukani, Nzilani hakuikumbuka tena.