Kijitabu Mkononi mwa Nyapara

Kila asubuhi Eduvigis alichemsha maji ya chai yao ya majani, iitwayo mate, kabla mumewe Nicanor hajaenda kuvuna mahindi ya tajiri. Mwaka ulikuwa 1916, na Argentina nzima ilizungumzia uchaguzi wa rais.

"Jumapili unapiga kura," Eduvigis alisema. "Kijitabu chako cha uandikishaji kiko wapi?"

"Anacho nyapara. Amekusanya vyetu vyote, ati visipotee."

Jirani yao Fermín, karani wa telegrafu pale stesheni, aliyekuwa ameketi nao akinywa, nusura apaliwe na chai.

"Umempa? Bila hicho hupigi kura! Atakurudishia kwenye kituo cha kura, pamoja na karatasi yenye jina la mgombea wa tajiri."

"Sasa nifanyeje? Nyumba hii ni ya tajiri. Nikimpinga, atatutupa nje na watoto."

"Atajuaje? Zamani ulitaja jina mbele ya watu. Sasa sheria ni nyingine. Unapewa bahasha tupu. Unaingia peke yako katika chumba kisicho na dirisha, mlango unafungwa. Unatia karatasi uitakayo, unafunga bahasha, unatoka na kuitumbukiza sandukuni. Hata mkeo hajui."

Eduvigis alivua aproni. "Basi tukakifuate."

Nyapara walimkuta dukani. Alicheka alipomwona Eduvigis.

"Kumbe siku hizi wanawake ndio wapiga kura?"

"Sipigi, bwana. Ningekuwa napiga, changu usingekigusa. Lete cha mume wangu."

Nyapara alimtazama Nicanor. Nicanor hakurudi nyuma.

"Ni changu," alisema. "Nipe."

Wavunaji wenzake waliokuwa wakicheza karata waliziweka chini. Mmoja akainuka. "Na changu." Mwingine akainuka, halafu wote. Nyapara alinung'unika, lakini alifungua mkoba.

Jumapili nyapara alikuwa mlangoni mwa kituo, akimpa kila mvunaji karatasi ya tajiri. Nicanor aliipokea kwa adabu. Ndani ya kile chumba alisikia pumzi zake tu. Karatasi nyingine zilikuwa mezani. Aliisokomeza ile ya tajiri ndani ya buti, akachagua aliyoitaka mwenyewe, akafunga bahasha. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijiona mtu mzima.

Siku kadhaa baadaye Fermín alipokea matokeo kwa telegrafu. Wavunaji arobaini walikuwa wamepiga kura pale kituoni. Mgombea wa tajiri alikuwa amepata kura tisa.

Tajiri alifoka. Nyapara akawapanga mstari shambani, akawauliza mmoja mmoja.

"Nicanor, ni wewe uliyempinga tajiri?"

"Mimi tena, bwana? Karatasi yako si niliipokea kwa mikono miwili, watu wakiona?"

Wote arobaini walijibu hivyo hivyo. Mahindi yalikuwa bado shambani, na tajiri hakuweza kumfukuza hata mmoja.