Simu ya Sista Pauline

Majini wa pwani, tunaambiwa, hutanguliwa na harufu ya udi na ubani. Huyu wa Muhuru Bay alitanguliwa na harufu ya omena mbichi, wale dagaa wa ziwani, tena katika miezi ambayo uvuvi umefungwa na hakuna aliyeanika hata moja ufuoni.

Roselyn aliinusa asubuhi alipokuwa akimpangusa mumewe. Nicodemus alikuwa ametoka hospitali juzijuzi, baada ya kukatwa kipande cha kongosho chenye uvimbe. Ubavuni bado alikuwa na mpira mwembamba wa kutolea maji machafu, ulioishia kwenye mfuko. Leo mfukoni mlikuwa na damu. Kidogo tu, ya kujaza kijiko.

Sista Pauline, muuguzi wa wadi, alikuwa amemwonya siku ya kuruhusiwa: "Mama Tony, ukiona damu kwa huo mpira, hata ikikoma, msikae. Ya kwanza inabisha hodi tu. Ya pili inavunja mlango."

Roselyn akampigia.

"Ni kawaida," ilisema sauti ya Pauline, taratibu, kama mtu mwenye maji kinywani. "Si imekoma? Funga dirisha. Mpe uji, alale."

Kweli ilikuwa imekoma. Roselyn akafunga dirisha, akapika uji, moyo ukatulia. Nani asingetulia akiambiwa lile analotamani kusikia?

Jua lilipopanda, midomo ya Nicodemus ikapauka, tumbo likamvimba, na ile harufu ikazidi hadi Roselyn akahisi anaipumua badala ya hewa, akausukuma mlango usio na hata komeo nao ukakataa, akaliendea dirisha nalo likakataa, na nje akawasikia majirani wakicheka na kuteka maji kana kwamba nyumba ile haipo, akapiga simu tena huku akilia kimyakimya ili mgonjwa asisikie.

"Sista, amebadilika. Naogopa."

"Mwache tu, nyieka. Tulia."

Roselyn akaganda. Nyieka, mke mwenza. Wake wa mume mmoja ndio huitana hivyo, na duniani hakuwa amebaki wa kumwita yeye kwa neno hilo. Achieng, mke wa kwanza wa Nicodemus, mchuuzi wa omena, alizama ziwani na mwili wake haukuonekana. Wazee walimwambia Nicodemus azike tunda la mti wa yago badala ya mwili huo, kama ilivyo desturi, ili marehemu apate pa kulala. Nicodemus akasema kesho, na kesho haikufika. Akaoa, akamleta Roselyn katika nyumba ileile.

"Chukua nyumba," Roselyn akanong'ona. "Vyombo pia chukua. Huyu ni wangu, sikupi."

Akainua sufuria ya uji, akaivurumisha dirishani. Kioo kilipopasuka majirani wakageuka, wakaja mbio, na Stanley wa jirani akaleta gari lake. Wakiwa njiani simu ikalia.

"Mama Tony, nimetoka thieta sasa hivi. Naona ulinipigia. Kuna nini?"

"Si tumeongea, sista?"

"Uliongea na nani?"

Damu ya pili ilifumuka wakiwa kwenye lango la hospitali. Madaktari wakamkimbiza thieta, wakaufunga mshipa uliokuwa umeliwa na maji ya kongosho. Jioni Pauline mwenyewe akatoka, uso umechoka.

"Ameponea chupuchupu. Wamemrudisha wadi. Enda umwone."

Roselyn alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu, akajifuta machozi kwa leso. Mlangoni mwa wadi askari akanyoosha mkono.

"Ngoja kidogo, mama. Tunaruhusu mtu mmoja kwa kila mgonjwa, na mke wake yuko ndani."

Roselyn akatazama chini. Sakafu ilikuwa na nyayo za maji, zote zikielekea ndani.

"Ananuka samaki kidogo," askari akasema, "lakini ni mtu mpole. Ameomba tu nimfungie dirisha."