Namba za Sabato

Kilio kilianza kabla mlango haujafunguliwa. Kwanza mtoto mmoja, kisha wawili, kisha kundi zima la vichanga, huyu akishusha sauti, yule akipandisha. Mokeira alivisikia vilio hivyo akiwa bado anafunga kamba za viatu. Ilikuwa Jumapili, siku ya chanjo katika kliniki ndogo ya mama yake, Sista Gladys, pale sokoni Ekerenyo.

Alipiga deki, akapanga mabenchi, akawafungulia akina mama. "Bwakire buya," aliwaamkua mmoja mmoja. Lakini kazi aliyojivunia zaidi ilikuwa nyingine. Kila asubuhi na jioni alisoma kipimajoto cha friji ya chanjo, kisha akaandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji hiyo.

"Isishuke chini ya digrii mbili, isipite nane," mama alikuwa amemwonya. "Hata Jumamosi, siku ya Sabato. Kwani ng'ombe hawakamuliwi Sabato?"

Siku hiyo kulikuwa na mgeni. Bwana Machogu wa kampuni ya bima alikuja kukagua kliniki kabla ya bima yake kuendelezwa mwaka mwingine. Bila bima ile, mgonjwa mmoja tu akidhurika, kliniki ingefungwa, na akina mama wangerudia safari za boda boda hadi Nyamira na watoto wenye homa. Bwana Machogu alitazama kizimamoto, akatazama boksi la sindano zilizotumika. Kisha akasimama mbele ya friji.

"Nani huandika hapa?"

"Binti yangu," mama alijibu kwa fahari. "Nilikuwa semina Kisii tangu Ijumaa asubuhi, nikarudi jana usiku. Na ona, hakuna nafasi hata moja tupu."

"Tano, tano, tano," mgeni alisoma. "Safi kabisa! Watu wazima hunionyesha karatasi zenye mapengo kama kinywa cha kibogoyo."

Kicheko kilisikika kwenye benchi. Alikuwa Ochoki, aliyesoma darasa moja na Mokeira. Alikuwa amemsindikiza mama yake na mdogo wake.

"Wewe Mokeira," alinong'ona, "friji yenu ni ya miujiza! Stima ilipotea Ijumaa usiku, ikarudi jana magharibi. Maziwa ya dukani kwetu yalichacha hadi paka akayakataa. Yenu ikabaki tano?"

"Stima ilipotea?"

"Kwani ulikuwa wapi, mbinguni?"

Tangu Ijumaa jioni hadi jana usiku Mokeira alikuwa kwa nyanya yake, nyumba isiyo na stima. Ijumaa ile, jua likielekea kuzama, kila mtu kijijini alikuwa akimaliza kazi mapema ili Sabato imkute ametulia. Maji yalitekwa, nguo zikapigwa pasi, chakula cha kesho kikapikwa. Naye Mokeira, akiwa na haraka ya kwenda mazoezi ya kwaya, alimaliza ya kwake pia. Aliandika tano ya jioni ile, kisha akaandika tano mbili za kesho yake. Siku zote ilikuwa tano. Ingebadilikaje?

Alipogeuka, mama alikuwa tayari amevuta dawa kwenye sindano. Mose, mtoto wa miezi tisa aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alikuwa amepakatwa na bibi yake, Nyangate. Mkono mnono wa Mose ulikuwa umefunuliwa.

Mokeira alimtazama Bwana Machogu. Nikisema, aliwaza, bima imekwenda, na kliniki nayo. Akamtazama Mose. Nikinyamaza, atarudi nyumbani amechomwa bure chanjo iliyoharibiwa na joto, na surua haisomi karatasi.

"Mama, ngoja!" Sauti yake ilipasuka. "Namba za jana ni za uongo. Niliziandika Ijumaa. Stima ilipotea, na mimi sikuja kutazama."

Mama aliiweka sindano chini. Kwa muda mrefu hakumtazama binti yake, na hilo lilimchoma Mokeira kuliko kofi.

"Leo hakuna chanjo," aliwatangazia akina mama.

"Nimetoka Ikonge kwa miguu!" mmoja alifoka.

"Mtoto anapewaje kazi ya daktari?" akauliza mwingine.

"Mmesema kweli," mama alijibu. "Kliniki hii ni yangu, na kosa ni langu. Nilimtwika mtoto mzigo wa mtu mzima, kisha nikaenda zangu. Nisameheni."

Aliondoa chanjo zote zisitumiwe, akapiga simu afisi ya afya. Akaambiwa nyingine zingeletwa Jumanne. Kisha akafungua daftari la matukio na kuandika yote, bila kuficha jina lake.

Bwana Machogu aliyasoma maandishi yale polepole. Mokeira alingoja kama anayengoja kiboko.

"Bima itaendelea," alisema hatimaye, "ila kwa sharti moja. Friji itasomwa na mtu mzima, na asipokuwepo, awepo mwingine wa zamu." Akamgeukia Mokeira. "Binti, stima kupotea ni ajali, na bima iko kwa ajili ya ajali. Hata kosa likitangazwa mapema huwa lina dawa. Lakini hakuna bima duniani inayolipia uongo. Ungenyamaza, mtoto huyu angekosa kinga, na mama yako angekosa bima ya kumtetea. Umekosa Ijumaa, lakini leo umeokoa."

"Mficha maradhi kifo humfichua," alisema bibi Nyangate, akimfunga Mose mgongoni. Hakutabasamu. Kilima cha kwenda kwake kilikuwa kirefu, na magoti yake yalikuwa mabovu.

Mokeira alimfuata hadi langoni, machozi yakimtoka.

"Bibi," alisema, kwa sauti ambayo kila aliyekuwa kwenye benchi aliisikia, "Jumanne nikitoka shule, hata kabla sijavua sare, nitakuja kwako nimbebe Mose mpaka hapa. Na kuanzia leo, mtu akiniuliza jambo ambalo sikuliona kwa macho yangu, nitamwambia sijui."