Askari Asusa Samaki

Fundi cherehani alikuwa na paka mmoja, Askari. Tangu paka huyo aingie dukani, hakuna panya aliyetafuna nguo ya mteja. Kwa hiyo binti yake alipookota paka mdogo njiani, fundi alisema, "Haya, huyu awe kuruta wake."

Kuruta alikuja na chafya. Baada ya siku chache Askari naye akaanza. Macho yakajaa tongo, pua ikaziba. Kila asubuhi fundi aliokota kipande cha kitambaa, akamfuta Kuruta, kisha akamfuta Askari kwa kilekile. Hali ikazidi kuwa mbaya. Askari akasusa samaki.

"Anaringa huyo," alisema mama mkwe wake, akitunga uzi kwenye sindano. "Mtupe kabla hajamwambukiza mjukuu wangu."

"Nikimtupa, mama, panya utawakamata wewe?"

Siku hiyo daktari wa mifugo alikuja dukani kuchukua koti lake lililoshonwa. Alimfunua Askari kinywa, akaona kidonda kwenye ulimi.

"Mafua ya paka," alisema. "Yanaletwa na virusi. Binadamu hayampati, mama, mjukuu yuko salama. Ila kwa paka hupita upesi, kwa chafya, kwa bakuli, kwa mikono. Mnawafuta na nini?"

Fundi alikitazama kitambaa alichoshika. "Hiki hiki, wote wawili," alisema.

"Basi huruma yako ndiyo iliyousambaza ugonjwa."

"Nipe dawa ya kuviua."

"Ya virusi hivyo sina. Nitakupa ya bakteria wanaodandia humo humo. Vidonge vyenu vya maumivu msimpe kamwe, vinaua paka. Cha muhimu ale."

"Si anaringa?" aliuliza mama mkwe.

"Haringi. Paka hula kwa pua. Asiponusa, kwake hicho si chakula. Mpashieni samaki moto, anukie. Akikataa hadi kesho, mleteni kwangu. Wakipona, tutawachanja. Chanjo hupunguza makali. Na paka mgeni atengwe kwanza."

Fundi alimhamishia Kuruta chumba cha nyuma, na bakuli lake. Vitambaa hakukosa: vyekundu vya Askari, vya buluu vya Kuruta, kikitumika kinatupwa.

Jioni duka zima lilinuka samaki. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyechutama jikoni. Aliweka sahani chini, akangoja. Pua ya Askari ikatikisika. Akalamba. Kisha akala.

"Kumbe hakuwa anaringa," alisema mama mkwe.

Akachukua sahani ya pili kumpelekea Kuruta. Mlangoni akasimama, akaiweka chini, akarudi kunawa mikono kwa sabuni.