Waota Moto wa Mzee Elineema

Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, Mzee Elineema aliingia dukani kwangu amevaa koti la sufu na kofia ya kufuma. Jua la Bariadi lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati, na mimi nilikuwa nimefungua vifungo vitatu vya shati na bado natota jasho. Ninauza vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, misumari, rangi. Nimezoea maswali ya kila aina, ila lile la siku ile sijaulizwa tena.

"Hilali, mwanangu," alisema, "nataka kupasha nyumba joto. Kipi bora, jiko la chuma la kuni au meko ya ukutani, ile yenye dohani?"

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua kitasa alidakia, "Mzee wetu anatafuta jiko! Tumtafutie binti wa Maswa!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijua jiko la mzee huyu liko kaburini tangu Novemba.

Mzee Elineema ni jirani yangu, ua kwa ua. Ni Mpare wa milimani, aliletwa huku zamani kuwa bwana shamba wa pamba, akaoa Msukuma, Kabula, akastaafu na wala hakufikiria kurudi kwao. Hawakujaliwa mtoto. Kabula alipofariki, mzee alianza kusikia baridi. Hospitalini walimpima damu, mkojo, mapafu, wakamwambia ni mzima. Alirudi nyumbani akavaa koti, na tangu siku hiyo hakulivua.

Nilimpa ushauri wa kweli. Jiko la chuma Thomasi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kwa pipa, akaliwekea mlango na bomba la kutolea moshi. Linakula kuni kidogo na joto linabaki ndani. Meko ya ukutani ni mapambo tu. Moshi ukipanda dohani, joto nalo linapanda kwenda kuotwa na kunguru. Na Simiyu hii kuni zenyewe ni za kutafuta kwa tochi.

"Jiko lina mlango," alijibu. "Moto unaufungia ndani, wewe unabaki nje peke yako. Meko iko wazi. Unakaa na moto wako mnaangaliana." Akanieleza kwamba utotoni baba yake alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wamisionari huko milimani, na jioni aliruhusiwa kukaa mbele ya meko yao. "Mtu hawi mpweke mbele ya moto ulio wazi, Hilali."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikampimia saruji.

Fundi alikuwa Kasmiri, mtu wa Kigoma. Alisema matofali ya kawaida yatapasuka kwa moto, yanatakiwa mawe yaliyozoea joto. Ndipo mzee alipokumbuka itongo la wakwe zake, upande wa Nkololo. Itongo ni pale palipokuwa na mji wa watu, wakahama au wakaisha, pakabaki minyaa na majivu. Katikati ya itongo lile palikuwa na duara la mawe, yameng'aa juu na kuwa meusi upande wa ndani. Hapo ndipo palipokuwa na shikome, moto wa jioni ambao wanaume wa ukoo huuzunguka ng'ombe wakisharudi, wakila na kupeana habari. Mawe yale ndiyo waliyokuwa wakikalia.

"Kabula alizaliwa hapa," mzee alituambia. "Atayajua mawe ya kwao."

Tuliyapakia kwenye tela la trekta. Mpare, Muha wa Kigoma, na mimi mwenye asili ya Tabora. Hakuwepo Msukuma hata mmoja wa kutuuliza tunafanya nini.

Kasmiri aliijenga meko sebuleni, kwenye ukuta unaotenganisha sebule na jiko la nyumba. Siku ilipokauka nilikwenda kuitazama, saa kumi na mbili jioni, bado kuna mwanga nje. Mzee alikuwa amewasha miti mikavu ya pamba, ile ile aliyowasumbua wakulima miaka yote wang'oe na kuchoma baada ya mavuno. Moto ulikuwa mzuri, sina neno. Ulilia na kurusha cheche.

Nikavuta kigoda, nikanyoosha mikono. Sikupata joto.

Nikasogea. Hata kidogo. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye miali, naiona, naisikia, na mikono yangu baridi kana kwamba kuna watu wamekaa mbele yangu wakanikinga. Nilinusa samli na tumbaku. Mzee havuti.

"Umeona?" alininong'oneza, uso umechangamka. "Nina wageni. Ndugu zake Kabula. Yeye bado, lakini atakuja."

Nilijitia mzaha. "Mgeni siku mbili, mzee. Ya tatu wape jembe."

Hakucheka. Nilipoinuka kuondoka, niliona kwenye kizingiti cha mlango wa kwenda jikoni bakuli la matobolwa, viazi vile vya kuchemsha vikakaushwa, na karanga pembeni. "Mwambie Asumini asante," mzee alisema bila kugeuka. "Kila jioni analeta." Nikaitikia. Asumini ni mke wangu, na ni mtu wa kutoa, sikuona ajabu.

Wiki mbili nikawa mbali na habari zake, kazi zimenibana. Nilimkuta Ijumaa moja nikitoka msikitini, anatembea kwa kuburuta miguu. Suruali yake ilikuwa imeungua kwenye pindo. Nilimlazimisha aipandishe. Mguu mmoja, upande wote wa mbele kuanzia kifundo hadi chini ya goti, ulikuwa malengelenge, mengine yamepasuka.

"Mzee, umeungua!"

Alitazama kama anatazama mguu wa mtu mwingine. "Wananisogeza," alisema. "Wanasema nikae karibu. Bado nasikia baridi, Hilali."

Siku hiyo niliogopa kwelikweli. Nilimpeleka hospitali akafungwa vidonda, nikamrudisha kwake, kisha nikampigia simu Doto, mdogo wake Kabula, anayeuza dagaa Maswa. Jioni ile ile akafika kwa bodaboda, mama mfupi, mkavu wa maneno. Alisimama uani, akaangalia moshi unaotoka kwenye dohani, akakataa kuingia ndani.

"Mawe mlitoa wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga.

"Ng'wana wane, mwanangu, mmewanyang'anya wazee viti vyao. Viti na moto wao. Sasa wataenda wapi? Watakuja hapa. Na huyo amewafungulia, moto hauna hata mlango."

"Mzee anamsubiri mkewe, mayu," nilisema, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Anasema atakuja akae naye."

"Akae wapi?" Doto aliuliza. "Pale ni kwa wanaume. Sisi kwetu mwanamke hakai shikome. Anapeleka chakula, anaweka, anarudi jikoni. Dada yangu anaijua adabu ya kwao hata akiwa amekufa." Akanishika mkono. "Mtoe. Wakimpisha nafasi akakaa katikati yao, hatainuka tena. Mawe yarudi. Mwekeeni jiko la chuma, moto ufungwe."

Niliingia. Jua lilikuwa halijazama, mwanga mwekundu umelala sakafuni. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mbele ya meko, magoti karibu kabisa na majivu. Bandeji mpya zilikuwa zinatoa moshi.

Nilimvuta kwa makwapa. Hakusogea. Mzee mwenye uzito wa debe la mahindi, sikuweza kumsogeza hata inchi.

Kitu kikakwaruza sakafuni. Kitu kizito, taratibu, kinahama. Kando ya mzee pakapatikana nafasi. Sikuona mtu. Niliona tu miali ya moto imekatika vipande vipande, huku panawaka, huku giza, huku panawaka.

Nyuma ya sikio langu mtu akanisalimu.

"Mwadila."

Ni salamu ya jioni ya Wasukuma. Naisikia dukani kila jioni. Mdomo ukajibu kabla yangu. "Mwadila."

Magoti yangu yakaanza kukunjika. Sikuyakunja mimi. Nilikuwa nakaa.

Ndipo nikasikia nyuma yetu, kwenye kizingiti, bakuli likiwekwa chini. Sauti ndogo ya udongo juu ya saruji. Kisha miguu mitupu, myepesi, ikirudi jikoni.

"Asumini," mzee alinong'ona. "Mwambie asante."

Nilikuwa nimeshamuuliza mke wangu. Mchana ule ule, nikiwa nasubiri bodaboda ya Doto. "Mzee," nilisema, "Asumini hajaleta kitu. Anasema hajavuka ua wako tangu matanga."

Moto ulinyamaza.

Kwa mara ya kwanza mzee aligeuza shingo. Aliangalia matobolwa. Niliuona uso wake ukielewa, na sitausahau. Jioni zote zile alikuwa amemngoja mkewe huku amekaza macho kwenye moto. Mkewe alikuwa anakuja kila siku, hatua nne nyuma ya mgongo wake.

"Kabula!" Alipiga kelele, akainuka. Aliinuka kwa urahisi, na mimi nikaachiwa. Alikimbia na mguu wake wa vidonda hadi jikoni. Nikamfuata. Hapakuwa na mtu. Mafiga yalikuwa baridi, lakini mwiko uliokuwa ukutani ulikuwa unadondosha maji.

Doto alimwita kupitia dirisha. "Shemeji, toka."

"Nikivunja meko nitabaki na nani?" aliuliza. Alikuwa analia waziwazi kama mtoto, na mimi nililia pia, sioni aibu kusema.

"Utabaki hai," Doto alisema. "Wao siyo wenzio. Bado."

Asubuhi yake Kasmiri alibomoa. Mawe tuliyarudisha Nkololo kwenye tela, Doto mwenyewe akayapanga moja moja kwa duara, akamwaga maziwa, akaomba radhi kwa Kisukuma na sisi watatu tumeinamisha vichwa. Thomasi alileta jiko la pipa, lenye mlango wa kubana na komeo, tukalifunga palipokuwa na meko. Kasmiri aliziba tundu la ukuta kwa matofali na kupiga lipu, akailainisha mpaka ikawa kama meza. Upande wa jikoni vilevile.

Jiko lilifanya kazi kama nilivyomwambia siku ya kwanza. Kuni tatu, na sebule nzima inafuka joto. Vidonda vilianza kukauka. Wiki ya pili Mzee Elineema alivua koti, nikamshukuru Mungu nikijua tumeshinda.

Nilimpitia jioni moja. Alikuwa ameketi katikati ya sebule, shati jepesi, mikono juu ya mapaja. Jiko limefungwa, moto hauonekani.

"Baridi imekwisha?" nilimuuliza.

"Imekwisha."

"Na Kabula?"

"Alikuwa anawaletea wao, Hilali. Sasa wameondoka. Hana tena wa kumpelekea chakula." Akatazama kizingiti. "Nakaa hapa nimegeukia mlango tangu saa kumi. Kila siku. Sasa hivi ninatazama vizuri, na hakuna kitu cha kutazama."

Nilikaa naye mpaka adhana, nikaenda zangu, na usingizi ulinipaa. Nilijiona nimemwokoa mtu ili afe polepole.

Baada ya siku tatu alinijia dukani asubuhi, mkononi ameshika komeo la jiko alilolifungua. Alitaka nimwondolee jiko. Nikadhani anarudi kwenye yale yale, nikaanza kufoka kwamba sitauza hata mfuko mmoja wa saruji kwa ajili ya meko.

"Sitaki meko," alisema. "Wala jiko sitaki. Njoo uone."

Nilikwenda. Jiko lilikuwa limepoa. Alisema hajaliwasha tangu juzi. Alikuwa amelisukuma kando, na pale ukutani, kwenye lipu mpya ya Kasmiri, kwenye usawa wa kifua cha mwanamke, palikuwa na alama ya kiganja. Haikuingia ndani ya lipu, kama mtu aliyegusa kabla haijakauka. Ilitokeza nje kuja kwetu, vidole vitano vyembamba na mistari yake, kama ukuta umesukumwa kutoka upande wa pili.

Nilikimbia jikoni. Upande ule lipu ilikuwa laini, haina hata ufa.

Niliporudi, mzee alikuwa amevuta kigoda karibu na ukuta. Hakuwa na koti. "Weka mkono," aliniambia.

Niliweka kiganja changu juu ya kile. Kilikuwa cha moto, moto wa mkono ulioshika chungu sasa hivi. Kisha kikaanza kupoa, taratibu, kuanzia ncha za vidole, mpaka nikaelewa kwamba si mkono wangu uliokuwa ukingojewa, nikautoa na kumpisha mzee mwenyewe.